Kumfuta Mama Mkwe

Waya alipewa jina hilo kwa wembamba wake, si kwa kazi yake, ingawa kazi yake nayo ilikuwa nyaya, kompyuta na kila kitu kinachochomekwa ukutani katika ofisi ya leseni za udereva. Printa ikigoma, aitwe Waya. Feni ikinguruma, aitwe Waya. Hata siku mlango wa choo ulipokataa kufunguka na mhasibu akiwa ndani, aliyeitwa ni Waya, naye alikwenda na bisibisi yake bila kuuliza maswali.

Ofisi yenyewe ilikuwa ukumbi mmoja mrefu wenye mabenchi ya plastiki, mashine ya kutoa tiketi za foleni pale mlangoni, na madirisha sita ya makarani yaliyojipanga upande wa kulia. Darini zilining'inia spika. Ukishachukua tiketi unakaa, unasubiri, mpaka sauti ikuite: nambari fulani, dirisha fulani. Na sauti hiyo, ambayo madereva wa mji ule waliijua kuliko honi za magari yao, ilikuwa ya mama mkwe wa Waya.

Alifikaje huko darini? Meneja wa zamani alikuwa na mkono wa birika. Alitaka sauti lakini hakutaka kuilipia. Waya akajaribu kumrekodi mkewe nyumbani, lakini mke kila akifika kumi na moja anaangua kicheko, wala hakujua kwa nini iwe kumi na moja. Wakiwa katika hali hiyo, neno likatoka sebuleni.

"Mwambie mumeo aniletee mimi hicho kidude."

Mama mkwe alikuja kwao kwa ajili ya goti. Goti likapona, yeye akabaki. Alikuwa muuguzi mkuu mstaafu, na inasemekana katika wodi yake kuna wagonjwa waliopona kwa kuogopa kuulizwa mara ya pili wanaendeleaje. Yeye na mkwewe walistahiana sana. Walistahiana kiasi kwamba hawakuwa wakizungumza. Wakiwa meza moja, mama angesema, "Mwambie mumeo chumvi iko mbele yake," na Waya angejibu, "Mwambie Mama nimeiona, ahsante," na mke katikati yao akala chakula kikiwa kimeshapoa.

Walirekodi chumbani, ndani ya kabati la nguo, maana makoti humeza mwangwi. Mama akaketi kwenye stuli katikati ya makoti, mlango ukaachwa wazi kidogo, kipaza sauti akakishika kama kipimajoto. Akataja madirisha, akafika hadi la saba ingawa aliambiwa ni sita, kwa sababu, alisema, ofisi hukua. Kisha akataja nambari, sifuri mpaka mia. Na katikati alizungumza mengine mengi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kunyamaza eti kwa vile kuna kazi.

Programu ya Waya iliikata rekodi kila palipokuwa na kimya, ikavipa vipande majina kwa jinsi vilivyofuatana: sauti ya kwanza, sauti ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Waya akaueleza mfumo kipande kipi ni nambari ipi. Vile vya maongezi vikabaki bila kazi. Alitaka kuvifuta. Alikwishaviwekea alama, kompyuta ikamuuliza kama ana hakika anataka kufuta, na juu ya folda palikuwa pameandikwa MAMA MKWE. Akahisi kama ameambiwa amsukume mzee ngazini. Akaviacha vilivyo, akafunga kompyuta.

Miaka ikapita, meneja wa zamani akastaafu, akaja meneja mwingine, mwanamke wa suti za rangi ya majivu aliyependa sana neno "kisasa". Siku ya kwanza alisikiliza spika kwa dakika kadhaa, kisha akamwita Waya.

"Huyu anayeita watu ni nani?"

"Ni mama mmoja, Meneja."

"Anaita kama anayewadai. Nimeagiza programu mpya ya foleni, ina sauti yake. Iweke kwenye kompyuta zote kabla ya Jumatatu."

Sauti mpya ilitengenezwa na mashine. Ilikuwa ya msichana ambaye ungedhani hajawahi kuumwa hata na jino. Jumapili alasiri Waya akakaa peke yake mbele ya kompyuta kuu, akakisambaza kifurushi cha programu hiyo mpya kwenye kompyuta za madirisha sita. Kazi aliyodhani itamla siku nzima ikaisha kabla chai yake haijapoa. Alama sita za kijani zikawaka. Waya akashangaa kidogo, kisha akajipongeza, akazima taa, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi meneja alisimama katikati ya ukumbi, mikono nyuma, akisubiri kusikia kisasa. Kengele ya foleni ikalia. Spika zikakohoa.

"Hapa ndipo nasemea?" mama mkwe akauliza kutoka darini.

Ukumbi mzima ukatazama juu.

"Tatu. Mwambie mumeo kabati hili lina mende."

Bwana mmoja mwenye tiketi nambari tatu akainuka nusu, akakaa, akainuka tena. "Tatu ni mimi," akasema kwa unyenyekevu, "ila mimi ndiye mume."

Meneja akageuka polepole kumtazama Waya. Waya alikuwa ameshaanza kutokwa na jasho hadi kwenye vidole.

Alichokigundua baadaye, akiwa amejifungia katika chumba cha kompyuta kuu, kilikuwa kitu chepesi cha kumtia mtu wazimu. Kila kompyuta ya dirishani ilikuwa na kache, yaani ghala lake dogo la vitu inavyovitumia kila siku, ili isiende kuomba kwa kompyuta kuu kila dakika. Kifurushi kipya kilikuwa na agizo la kubana matumizi: kisilete kitu ambacho tayari kimo ghalani. Nacho kiliangalia jina tu. Sauti ya kwanza ipo? Ipo. Sauti ya pili ipo? Ipo. Basi kikapita, kikaweka alama ya kijani, kama mtu anayehesabu watoto bila kutazama kama ni wake. Programu ikawa mpya, sauti zikawa za zamani, na mpangilio wa huku haukuwa mpangilio wa kule. Mfumo ukitaka kusema "mteja mwenye nambari", unacheza kipande cha kwanza, na kipande cha kwanza cha mama kilikuwa kuuliza kama hapa ndipo anasemea. Ukitaka saba unapata tatu. Ukitaka dirisha la nne unapata mende.

Huku ukumbini watu hawakusubiri maelezo ya kitaalamu. Walikuja kutafuta leseni, na mtu anayetafuta leseni hujifunza lugha yoyote. Kufikia adhuhuri walikuwa wameshaelewa kwamba mende ni dirisha la nne. Karani wa dirisha la tano, ambalo sasa liliitwa "nipe maji," alishangaa kuona kila mteja anakuja na chupa na kuiweka kaunta kabla ya salamu. Mpaka mchana alikuwa na chupa safu nzima na alikuwa amekwenda haja mara nyingi kuliko kawaida yake. Dirisha la sita liliitwa "usinikodolee macho," na wateja wake walitembea hadi kaunta wakitazama vidole vya miguu, wakatia sahihi mahali wasipopaona.

Tatizo kubwa lilikuwa dirisha la tatu. Hilo mama aliliita la saba, na la saba halikuwepo. Bwana wa kwanza kuitwa huko aliyafuata madirisha kwa mpangilio, akapita la sita, akafika mwisho wa ukumbi, na hapo kando ya mtungi wa maji ya kunywa kulikuwa na dirisha kweli, la kioo na nondo, linalotazama maegesho ya magari. Akasimama mbele yake. Wa pili akaja akasimama nyuma yake, maana foleni ikishakuwa na watu wawili inakuwa na haki zake. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa kama ishirini, wote wametazama maegesho kwa subira.

Karani wa dirisha la tatu aliitwa Muhuri kwa jinsi alivyopenda kugonga mihuri. Ukimpa karatasi ya kufungia karanga, angeigonga. Alikaa asubuhi nzima bila mteja hata mmoja, mkono unamwasha. Mwisho uvumilivu ukamwishia. Akachukua muhuri, wino na kalamu, akatoka nje kwa mlango mkuu, akazunguka jengo, akapanda kreti la soda kwenye maegesho na kufungua kile kioo kwa nje.

"Wa kwanza nani?" akauliza kupitia nondo.

Hakuna aliyeona ajabu. Wa kwanza akapitisha karatasi zake.

Siku nzima Waya alihangaika. Alisafisha kache ya dirisha la kwanza, na kweli msichana wa mashine akasema maneno mawili kwa upole. Kisha kompyuta ikagundua kuwa ghala lake halina vipande vingine, na kwa kuwa kompyuta zote zilikuwa zimefundishwa kuazimana ili zisisumbue kompyuta kuu, ikamwomba jirani. Jirani akampa alicho nacho. Mama mkwe akarudi na vitu vyake vyote. Ukimfukuza dirisha la kwanza analala la pili. Ukimfukuza la pili ameshahamia la kwanza. Diski zenyewe zilikuwa ndogo, zikaanza kujaa kwa huku kufuta na kule kupokea, na saa tisa kompyuta ya dirisha la sita ikaganda kabisa, ikawa inarudia "usinikodolee macho" hata pasipokuwa na mteja, mpaka karani wake akahama kiti.

Waya akapiga moyo konde, akaingia kwa meneja.

"Meneja, inabidi tuzizime zote sita kwa pamoja. Nisafishe kache zote, nipitishe kifurushi upya kikiwa na majina mapya, ndipo niwashe. Saa moja inatosha."

"Ofisi hii haifungwi," akasema meneja. "Paa lilipovuja hatukufunga, tuligawa miavuli. Zima moja moja."

"Moja moja zinaazimana, Meneja."

Meneja akafikiri. "Basi zungumza naye."

"Na nani?"

"Na huyo mama. Nimeambiwa ni mkweo."

"Hii ni rekodi, Meneja."

"Mkweo ni mkweo," akasema meneja, akarudi kwenye karatasi zake.

Jioni nyumbani Waya alikula bila kuinua kichwa. Mkewe, ambaye habari zilimfikia kupitia shoga yake aliyeitwa kwa mende, akamvutia jikoni.

"Mama hajasikia bado," akanong'ona.

"Usimwambie."

Kutoka sebuleni ikaja sauti ile ile iliyoshinda darini siku nzima. "Mwambie mumeo mimi goti ndilo lililoumwa, masikio hayajaumwa. Na umwambie kesho nakuja kujisikiliza."

Kesho yake akaja kweli. Alivaa vizuri kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi, akachukua tiketi ingawa hakuwa na gari wala hajui kuendesha, akaketi benchi la mbele, mkoba magotini. Waya, akiwa juu ya ngazi, alimwona. Alikuwa amekata shauri kwamba, liwe liwalo, atakata waya za spika, na koleo lilikuwa tayari mkononi. Alipomwona mama mkwe chini yake, mkono ukamganda.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Habari zilishaenea mjini, na wengine walikuja bila shida ya leseni, wamekuja tu kusikia. Mama alisikiliza kwa makini kama anayesikiliza mapigo ya moyo wa mgonjwa. Uso wake haukusema kitu mwanzoni. Kisha akaanza kukereka, lakini si kwa sababu ambazo Waya alizitarajia.

"Kumi na tisa, dirisha la saba," spika zikasema.

"Mimi sikusema hivyo," mama akasema kutoka kwenye benchi, kwa sauti ya juu. "Kumi na tisa nilisema peke yake, na dirisha la saba nilisema peke yake. Nani ameniunganisha?"

Watu wa jirani wakageuka. Sauti moja inatoka darini na hiyo hiyo inatoka kwenye benchi. Bwana mmoja aliyekuwa ameketi karibu naye akasogea taratibu hadi mwisho wa benchi, akashika kofia yake mkononi.

Wateja walivyokuwa wengi, foleni ilipanda kuliko siku nyingine zote. Ikavuka hamsini, ikavuka sitini, ikaingia kwenye vipande ambavyo Waya mwenyewe hakuwahi kuvisikiliza, maana siku ile ya kabati, sehemu hiyo ilirekodiwa yeye akiwa ameenda jikoni kuleta maji na kidude kikiwa kinaendelea kunasa. Kengele ikalia.

"Hapa ndipo nasemea? Sasa ametoka, nikwambie kweli mwanangu, mimi huyu mumeo sikumtaka. Nilimtaka yule wa posta. Dirisha la saba."

Koleo likamponyoka Waya, likaanguka kwenye sakafu kwa kishindo. Alitamani ardhi ipasuke, ingawa kwa vile alikuwa juu ya ngazi ingebidi kwanza aifikie. Kisha katikati ya mabenchi mwanamume wa makamo mwenye shati la bluu akainuka.

"Mimi ni wa posta," akasema. Akatazama huku na huku, akaona haya. "Lakini nina mke."

"Nenda tu," akaambiwa na waliokuwa nyuma yake. "Umeitwa."

Akaenda dirisha la saba. Muhuri akamgongea karatasi zake zote, na moja ambayo haikuhusika.

Kengele ikalia tena, maana nyuma ya nambari moja huja nyingine, na hakuna aliyeweza kuizuia.

"Hapa ndipo nasemea? Lakini nilipolazwa, miguu imevimba, nani alikuja kuniosha? Wako wa posta? Alikuja huyu, usiku wa zamu yako, akaleta beseni, akaniosha miguu, akanifunika, akaenda zake. Alidhani nimelala. Na mpaka leo hakukwambia. Nawe usimwambie kuwa najua. Nipe maji."

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akatazama tiketi yake, akatazama dirisha la tano, akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa, akapeleka chupa ya maji kaunta. Karani akaipokea kwa mikono miwili.

Mama mkwe akainuka. Akaja mpaka chini ya ngazi, mkoba kwapani, akatazama juu.

"Shuka, mwanangu."

Waya akashuka. Akajikaza kisabuni. Hakujua atazame wapi, akatazama mkoba.

"Nilisema hayo?" mama akauliza.

"Umesema, Mama."

"Basi niliyasema. Mbona hukuyafuta?"

"Sikuyasikia, Mama. Mashine ndiyo iliyokata. Na kufuta... Folda ina jina lako. Niliona haya kukufuta."

Wateja wa benchi la mbele waliacha kujifanya hawasikilizi.

"Sasa hivi nimebaki humo na nasema nisiyoyasema. Nimepeleka watu kwenye kioo cha maegesho. Hilo ndilo unaloliita heshima?"

"Hapana, Mama."

"Kinachokuzuia ni nini?"

Waya akamweleza kwa namna aliyoona ataielewa. Fikiria wodi sita, Mama, kila wodi ina kabati lake la dawa. Imekuja dawa mpya, lakini chupa ina jina lile lile la zamani, kwa hiyo kila wodi inasema tunayo, na inaendelea kutoa ya zamani. Nikimwaga kabati la wodi moja, muuguzi anakwenda kuazima wodi ya jirani. Inatakiwa zifungwe zote, zimwagwe zote, ndipo dawa mpya iingie na majina yake yenyewe. Lakini meneja hataki ofisi isimame.

"Muda gani?"

"Saa moja."

"Zima," mama akasema.

Meneja alikuwa ameshatoka ofisini kwake, amesimama mlangoni. Akafungua kinywa. Mama akamwahi, kwa upole, lakini ule upole wake wa wodini.

"Na wewe mama, kaa. Umesimama na hivyo viatu tangu asubuhi, utavimba miguu."

Meneja akatafuta kiti, akakaa. Baadaye alisema hakumbuki alivyokaa.

Waya akazima. Spika zikanyamaza, skrini sita zikawa nyeusi, na kabla manung'uniko hayajaanza, mama mkwe alikuwa ameshasimama katikati ya ukumbi. Hakutaka kipaza sauti. Akaagiza kila karani ainue mkono akiwa tayari, akaagiza kila mtu aitazame tiketi yake na aikumbuke, akaanza kuita.

"Sabini na tatu, dirisha la pili. Tembea, usikimbie. Sabini na nne, la tano, na hayo maji yarudishe nyumbani kwako. Sabini na tano. Sabini na tano nani? Toa simu sikioni. La kwanza."

Makarani waliandika kwa kalamu. Foleni ilitembea kuliko ilivyowahi kutembea. Mtu aliyepita bila zamu alitazamwa, akarudi mwenyewe. Waya naye alikuwa anahama dirisha hadi dirisha, amepiga magoti chini ya kaunta, akimwaga kache moja baada ya nyingine, akikata ule mtindo wa kuazimana, akikiandika kifurushi upya ili kila kipande kiwe na jina jipya na kikaguliwe kilichomo, si jina tu. Mwisho akarudi kwenye kompyuta kuu. Ile folda ilikuwa palepale. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Kupitia mlango aliona mgongo wa mama mkwe, umenyooka, na alisikia akimwambia dereva wa lori avute shati ndani ya suruali. Akabonyeza ndiyo.

Safari hii kifurushi hakikuisha upesi. Kilijikongoja, kikasimama, kikaendelea, na Waya akafurahia kila dakika ya uzito wake. Alipowasha, kengele ikalia.

"Mteja mwenye nambari tisini na nane," akasema msichana wa mashine kwa sauti laini isiyo na deni na mtu, "tafadhali fika dirisha la nne."

Hakuinuka mtu. Mwenye tisini na nane alikuwa bibi mwenye miwani. Alimtazama mama mkwe, na ukumbi mzima ukamtazama mama mkwe.

"Mmesikia," mama akasema. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. "Atawaita huyu sasa. Ni mtoto, lakini anajua hesabu. Nenda."

Bibi akaenda.

Muhuri peke yake alikataa kurudi ndani. Alisema nje kuna hewa, na wateja wake wamemzoea. Wiki iliyofuata meneja akaagiza kibao cha nambari saba kibandikwe juu ya kile kioo, akaandika kwenye ripoti kwamba ofisi imefungua huduma ya kisasa kwa wenye magari. Waya akavuta waya mpaka maegesho, akamwekea Muhuri kompyuta chini ya mwavuli, kache yake ikiwa tupu.

Lakini siku ile yenyewe, walirudi nyumbani wawili, Waya amebeba mkoba wa mama mkwe bila kuombwa. Mkewe alikuwa anawasubiri mlangoni. Alikuwa ameshapata habari zote, na siri ya beseni aliyoificha tangu siku ile ya kabati sasa ilikuwa ya mji mzima.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza mumewe.

"Ulikuwa kazini usiku ule. Uliporudi ulikuwa umechoka."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ilikuwa imeshapita."

Mke akataka kukasirika, akaona hasira haina mahali pa kukaa. Akamgeukia mama yake, akitaka naye ajibu mashtaka ya huyo wa posta, lakini mama alinyoosha kidole kwenye koo na kutikisa kichwa. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Kilichobaki kilikuwa mkwaruzo kama wa karatasi.

Waya akaenda jikoni, akachemsha maji, akatia chumvi, akakoroga, akayaonja asije akamuunguza. Mama akapokea kikombe, akaingia nacho bafuni, akafunga mlango. Muda si muda ukaanza kusikika mgugumo wa kusukutua koo, mzito, wa kupanda na kushuka, ukajaa korido na kutikisa vioo. Mume na mke waliketi kwenye kochi wakiusikiliza. Kila walipodhani umekwisha, mama alivuta pumzi na kuanza upya, na wao wakajiuma midomo, kila mmoja akitazama ukuta wake, kwa kuwa ingekuwa fedheha kucheka.